Mguu Uliochelewa

Tereza alikuwa akigeuza usipa kwenye kichanja, na kwa jinsi alivyowageuza ungedhani wale samaki wamemtukana. Joakim alisimama upande wa pili wa kichanja, kofia mkononi, akingoja jibu.

"Tere, kama hunitaki, niambie," akasema mwishowe. "Nitaumia, nitapona. Lakini mjomba wangu anateremka kutoka Ukata Jumapili kuja kuongea na wazee wako. Mtu mzima yule, na barabara yenyewe unaijua. Nimwambie aje, au asije?"

"Nilikuomba muda."

"Nikakupa."

"Niongeze."

"Nikuongeze mpaka lini? Mpaka hawa usipa waruke warudi ziwani?"

Tereza akataka kucheka, akajizuia. Siku hizi kila kicheko kilipomjia alikikagua kwanza kama kina haki ya kutoka. Joakim aliliona lile tabasamu lilivyozimwa, akashusha pumzi, akaivaa kofia, akaivua tena.

Na wewe usimlaumu Tereza haraka haraka. Mumewe, Isidori, alikufa mwaka juzi, lori la kahawa lilipofeli breki kwenye zile kona za kushuka kutoka Mbinga. Hakuacha mtoto. Aliacha nyumba ya matofali pale Liuli, aliacha mama yake mzazi, Mama Albina, aliacha mke, na aliacha nafasi ya katikati katika mstari wa mganda. Nyumba ilipakwa chokaa upya. Mke akavua nguo nyeusi. Ile nafasi ya katikati ndiyo iliyoleta balaa lote hili.

Mganda unaujua? Wanaume wanajipanga mstari mmoja, shati jeupe, kaptula nyeupe, soksi mpaka magotini, wanakwenda kama askari, ila askari wenye furaha. Ngoma kubwa ikilia, miguu yote ya kulia inapanda. Ikilia tena, yote inashuka kwa kishindo kimoja. Sasa Isidori aliumia goti akiwa kijana, kwenye mpira, na goti halikupona sawasawa. Ngoma ikilia wenzake walishusha mguu, wake ukabaki juu kidogo, bega la kushoto likainama kwanza, ndipo mguu ukafika chini. Wenzake hawakumtoa kwenye mstari. Walijifunza kumngoja. Ngoma inalia, wao wanabaki na mguu hewani mpaka waone bega la Isidori limeinama, kisha wanashusha wote pamoja naye. Wakazoea, mpaka wakasahau kwamba kuna mtu wanamngoja.

Basi akaja Mwalimu Jacqueline, binti wa Songea aliyesomea sanaa Bagamoyo. Isidori alikuwa ameshazikwa, na mahali pake amesimama Joakim, fundi umeme kutoka Ukata, ambaye alishuka Liuli kutandaza nyaya kwenye nyumba za watu akanogewa, hakurudi. Mwalimu alipoiona ile miguu imening'inia hewani baada ya ngoma kulia, alishika kichwa kwa furaha. Alidhani ndio mtindo wa watu wa ziwani! Akauchukua mganda wa wanaume, akakichukua kioda cha wanawake, akatunga dansi ya kisasa ya jukwaani: mistari miwili inayotazamana, watu wanapumua pamoja na kwenda pamoja bila mtu wa kuhesabu, na kule kungoja kukawa ndio moyo wa kazi nzima. Hakuna aliyemwambia kwamba lilikuwa goti bovu la marehemu. Watu waliona vibaya kumharibia furaha yake. Jumamosi kikundi kingepanda jukwaani Mbinga mjini, na jioni ya leo lilikuwa zoezi la mwisho, la kuvaa sare.

"Ni mama, sivyo?" Joakim akauliza. "Unamwogopa mama mkwe wako."

"Mama simwogopi. Mama namhurumia."

"Basi ni nini?"

Tereza akamwacha samaki aliyekuwa mkononi. "Ni bega," akasema.

"Bega gani?"

"Unalijua. Usijifanye hulijui." Sauti ilianza kumtetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Kila jioni nasimama mbele yako kwenye ule mstari. Ukiinamisha lile bega, mimi simwoni fundi wa Ukata. Namwona mume wangu. Moyo unaruka, Joakim, unaruka kweli. Halafu unainua uso, kumbe ni wewe, na mimi bado nakutazama kwa macho niliyomtazamia yeye. Sasa nikikuambia nakupenda, nakuwa nimemwambia nani?"

Kwenye vichanja vya jirani akina mama walikuwa wakibishana juu ya bei ya samaki wa mbasa, na Tereza akashukuru kwamba wana kelele.

"Nikikuambia kitu utanichukia," Joakim akasema.

"Sema."

"Kuchelewesha mguu, wenzangu ndio walionitaka. Walinionyesha video ya Isidori kwenye simu, wakasema fuata hivi, vinginevyo mstari unaharibika. Sawa. Lakini bega hakuna aliyeniambia. Goti langu ni zima, bega la nini? Siku ya kwanza niliiga tu. Nikainua macho, nikakuta unanitazama. Hujawahi kunitazama hivyo nikitembea, wala nikikubebea ndoo, wala nikiongea kama hivi. Ni pale tu. Nikaendelea. Kila jioni nilijua ninachoiba, na namwibia nani, na bado niliendelea. Kwa ajili ya yale macho."

Mungu wangu! Tereza alihisi uso umemwaka moto. Alitaka kumtupia kichanja kizima. "Umecheza juu ya kaburi la mume wangu."

"Nimecheza."

"Hata hujitetei?"

"Nijitetee na nini?"

Na hapo hasira ikamgeukia mwenyewe, maana kama Joakim alicheza, yeye alikuwa mtazamaji, tena mtazamaji aliyewahi kufika kila jioni akiwa ameoga na kujifunga kitenge kizuri. Nani alimlazimisha? Hakuna. Alikwenda kumwona Isidori, siku moja akagundua kwamba amevaa hereni, na Isidori hakuwahi kupenda hereni. Tangu siku hiyo hakulala vizuri.

"Leo shusha mguu wako," akasema polepole. "Wako wewe. Ngoma ikilia, usingoje, usiiname. Nataka nikuone."

"Mstari utavunjika."

"Uvunjike."

"Tere, Mama Albina ndiye anayeimba leo."

"Najua nani anaimba! Nitamwambia kwanza. Nakwenda kumwambia sasa hivi."

"Umwambie kweli," Joakim akasema. "Asije akakutana na jambo hili uwanjani mbele za watu."

"Nimesema nitamwambia."

* * *

Mama Albina alikuwa barazani anapiga pasi. Pasi yenyewe ni ya mkaa, ingawa umeme ulikuwepo, na aliyeuingiza umeme huo ni Joakim. Shati la Isidori lilikuwa limetandazwa juu ya blanketi, jeupe, la mikono mirefu, ambayo kwa Joakim haikuwa mirefu hata kidogo. Jamaa alikuwa mrefu kama nguzo zake za umeme, na shati lilimwacha mikono nje kama mtoto aliyekua ghafla. Pindo la mikono lilikuwa na kitambaa cha kutosha kukunjuliwa. Mama Albina alikataa. Alisema shati lilipimwa kwa mwenyewe, anayeliazima ajibane.

"Mama, nina neno," Tereza akasema, akakaa kwenye kigoda.

"Lilete." Mama Albina akapuliza mkaa. "Au ni la yule Mmatengo wako?"

"Mama!"

"Nini? Mimi macho ninayo. Anakutazama sana yule. Atakupeleka Ukata ukachimbe ngoro, yale mashimo yao ya kulimia, mpaka mgongo upinde, kwenye baridi ile, hata samaki hakuna." Alisema kwa utani, lakini pasi ilisimama. "Ukienda, mimi nitakaa na nani hapa?"

Tereza akafungua mdomo. Maneno alikuwa ameyapanga njiani, mazuri kabisa, ya heshima.

"Unajua kwa nini bado naimba?" Mama Albina akaendelea kabla hajaanza. "Wenzangu wote wa umri wangu wameacha. Kifua hiki kimechoka. Lakini lile bega likiinama, nasema moyoni, haya, Isidori amefika. Basi, narudi nyumbani, nakula ugali wangu, nalala. Wenzangu wana wajukuu. Mimi nina lile bega." Akaligeuza shati, akalilaza kola kwa kiganja kabla ya kupitisha pasi. "Haya, neno gani?"

Sasa ndio ulikuwa wakati. Tereza aliutazama ule mkono mzee juu ya kola.

"Nilitaka kuuliza kama chumvi ipo," akasema.

"Ipo. Si umeinunua mwenyewe jana?"

"Nilisahau."

"Utasahau na kichwa chako siku moja," akasema Mama Albina, akamkabidhi shati. "Mpelekee fundi. Mwambie asilitie jasho la bure."

Njia nzima kwenda uwanja wa shule Tereza alilibeba lile shati mikononi, bado lina joto, akijiambia arudi. Arudi amwambie. Alifika kwenye mwembe wa zahanati akasimama kabisa. Kisha akasikia ngoma inajaribiwa uwanjani, akaendelea mbele.

* * *

Jua lilikuwa limeegemea mwamba wa Pomonda, ziwa limetulia. Mistari miwili ikajipanga, wanaume huku, wanawake kule, wote kwa nyeupe. Mwalimu Jacqueline alikuwa peku, anazunguka akiwagusa watu mabegani.

"Msinitazame mimi," alikuwa akisema. "Msihesabu. Kila mmoja amsikilize aliye pembeni yake anavyopumua. Mkipumua pamoja mtakwenda pamoja. Mama, tuanzie."

Mama Albina akaanza. Loo, ile sauti! Ilikuwa imekwaruza, lakini ilishika watu. Wanawake wakaipokea, zumari za vibuyu zikaingia, mistari ikaanza kusogeleana. Mabega yalikwenda kushoto pamoja, yakarudi pamoja, magoti yakakunjwa pamoja, na mtu aliyesimama mbali asingejua nani ni nani. Tereza alimsikia Bonifasia anapumua kulia kwake na mwingine kushoto, naye akapumua nao. Kwa kitambo alisahau kila kitu. Mwili ulikuwa unajua njia.

Halafu akainua macho, Joakim akawa pale, hatua chache mbele yake, mikono imechomoza nje ya shati la Isidori. Alikuwa anamtazama. Macho yake yaliuliza, umemwambia?

Tereza akainamisha uso, na Joakim akaelewa. Kwa pembe ya jicho Tereza alimwona akifumba macho kidogo kama mtu anayepigwa. Angeweza kuacha. Angeinamisha bega kama kawaida, na Mama Albina angerudi kula ugali wake, na mambo yangeendelea vilevile mwaka na mwaka. Tereza alitamani aache. Alitamani pia asiache. Alijichukia kwa yote mawili.

Ngoma ikalia. Miguu yote ikapanda.

Ngoma ikalia tena.

Joakim hakuinama. Aliushusha mguu wake palepale, wima, mabega sawa, ukagonga ardhi.

Na haukugonga peke yake. Upande wa wanawake mguu mwingine ulishuka naye, sawia kabisa, hata vumbi likaruka pamoja. Ulikuwa mguu wa Tereza. Yeye mwenyewe hakuwa ameutuma. Alikuwa amekusudia kubaki juu na wenzake na kumtazama tu, na alipotazama chini akauona mguu wake uko ardhini, kama wa mtu mwingine.

Wengine wote walibaki hewani. Mstari mzima wa wanaume na mstari mzima wa wanawake, kila mmoja kwa mguu mmoja, wanangoja bega liiname. Halikuinama. Wakangoja tena. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Kisha Bonifasia akayumba, na miguu ikaanza kushuka mmoja mmoja, ovyo, huku na kule.

"Nani ameshuka mapema?" Mwalimu Jacqueline akapaza sauti. "Jamani, tulikuwa vizuri! Nani huyo?"

Mzee Nazari, aliyecheza pembeni ya Isidori tangu ujana wao, alikuwa anautazama mguu wake kama ameukuta njiani. "Hakuna aliyeshuka mapema, Mwalimu," akasema. "Hao wameshuka na ngoma. Sisi wote ndio tumechelewa."

"Mmechelewa kwa nini?"

"Tulikuwa tunamngoja Isidori."

"Isidori ni nani?"

Watu walitazama chini, wengine wakatazama ziwani. Mwalimu aliwageukia mmoja mmoja, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Ni mwanangu," akasema Mama Albina kutoka nyuma ya ngoma. "Amekufa."

Tangu mwaka juzi mpaka leo hakuwahi kulisema neno hilo. Alikuwa akisema hayupo. Alikuwa akisema ametutangulia. Akaichukua kanga yake, akajitanda, akaondoka uwanjani akishika njia ya nyumbani, na hakuna aliyethubutu kumsindikiza.

Joakim alikuwa ameshalivua shati. Amebaki na fulana, analikunja vibaya. "Hukumwambia," akasema.

"Sikuweza."

"Twende wote. Mimi ndiye niliyeshusha."

"Tulishusha wawili," akasema Tereza, akalichukua shati. "Wewe baki."

* * *

Mama Albina alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, kanga bado kichwani. Hakugeuka Tereza alipoingia.

"Nilisikia miguu miwili," akasema.

Tereza akapiga magoti sakafuni.

"Mmoja ulikuwa wa fundi. Wa pili wa nani?"

"Wangu, mama."

"Mlipanga?"

"Wake tulipanga. Wangu hapana. Ulishuka wenyewe."

Mama Albina akatikisa kichwa polepole. "Ungesema mlipanga yote, ingekuwa nafuu. Ningejua ni jeuri, ningekufukuza, nikalala. Sasa mguu umeshuka wenyewe, mimi nikufukuze kwa kosa gani?"

"Nifukuze tu, mama. Nisamehe, lakini nifukuze."

"Nyamaza. Kusamehe sijui. Usiniulize leo." Akavuta kamasi, akajifuta kwa pindo la kanga. "Mchana ulikuja kuniambia."

"Ndiyo."

"Ukaniuliza chumvi."

"Ndiyo, mama."

"Hilo ndilo limeniuma. Si mguu. Mguu ni wako, una haki nao. Lakini unaniacha nakwenda pale, navaa, naimba na kifua changu hiki, na wewe unajua. Chumvi, Tereza! Mimi nimekuzaa?"

"Hapana."

"Nimewahi kukuita mkwe?"

"Hapana, mama. Hujawahi." Hapo Tereza akalia. Alilia kwa sauti, kichwa kwenye magoti ya yule mama, na hakujua ni kipi kinachomliza zaidi, Isidori, au kwamba pale uwanjani, mguu ulipogonga ardhi, kitu cha kwanza alichosikia kifuani kilikuwa furaha. Alimwona Joakim. Joakim mwenyewe, na mikono yake mirefu. Angemwambiaje mama wa Isidori jambo kama hilo?

Mama Albina hakumbembeleza. Hakumsukuma pia. Aliacha mpaka kilio kikapungua, kisha akaliona shati.

"Nani amelikunja hivi?"

"Joakim."

"Fundi wa nyaya, nguo hawezi." Akalichukua, akalikung'uta, akalilaza mapajani. Akaupapasa mkono wa kulia mpaka kwenye pindo, akaupapasa wa kushoto. "Huyo mjomba wake anakuja Jumapili?"

Tereza akainua uso. "Nani amekuambia?"

"Liuli nzima inajua. Mwambie aje mchana, usiku sipiki. Atanikuta." Akanyoosha kidole mbele ya macho ya Tereza. "Sijasema ndiyo. Umenisikia? Nimesema atanikuta."

"Nimesikia."

"Nipe wembe, uko pale dirishani. Na kopo la sindano."

Tereza akavileta. Mama Albina akalisogeza shati karibu na mwanga wa mwisho wa dirishani, akaanza kuufumua uzi wa pindo, mshono mmoja mmoja, taratibu, bila kuchana kitambaa. Kile kipande kilichokuwa kimefichwa ndani kikatokea, cheupe kuliko shati lote.

"Mikono yake mirefu mno," akasema. "Anaonekana kama mtu aliyeiba nguo."

Neno lile la kuiba lilimpita Tereza mwilini mote.

"Nitungie uzi. Leo macho yangu hayaoni."

Tereza akaichukua sindano, akaulowanisha uzi kwa midomo, akajaribu. Uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena, machozi yakaja, tundu likapotea kabisa. Mama Albina akanyoosha mkono wazi juu ya shati la mwanawe, akangoja.